Kilichopungua Katika Chumba cha Panya

Asubuhi ile Gazeti aliingia mgahawani kwa Salwa ukungu umemlowesha mpaka nyusi, akalibwaga gazeti katikati ya meza kama mtu anayebwaga karata ya ushindi, akakaa bila kumsalimu mtu. Yeye ni wa kusalimu mpaka viti, kwa hiyo wenzake wakaacha vikombe hewani.

"Someni wenyewe," akasema. "Mimi sauti imekauka."

"Wewe? Sauti?" Nanga akamtazama. "Basi leo Mungu ametukumbuka. Salwa, mwongezee kahawa asije akapona."

Gazeti kwao anaitwa Alphée Comeau. Alisambaza barua hapa Halifax miaka thelathini na mitatu, na magazeti ya watu aliyasoma yeye kwanza ndipo akayafikisha. Nanga ni Murdoch MacAskill, aliyekuwa akifanya kazi kwenye meli za kuvuta meli bandarini, mtu mpana ambaye akishatua kwenye kona yake ya dirishani hang'oki mpaka adhuhuri. Salwa Ghosn, mwenye mgahawa, hakai na mtu, lakini hakuna neno linalompita. Na wa nne alikuwa Verna Gillis, Bi Saa, mwanamke mfupi ndani ya koti la mvua la njano, shingoni ana saa ya kupimia mbio kama mwalimu wa michezo. Miaka ishirini na minne aliitumia saa hiyo kuwapima panya chuoni.

Asubuhi hiyo Bi Saa hakuwa na hamu ya soga. Ilikuwa Alhamisi, na kesho yake, Ijumaa, alitakiwa arudishe ufunguo wa maabara. Kazi yake ilikuwa imepewa kamera. Wenzake walijua, na kwa wiki tatu nzima walikuwa wameongelea kila kitu duniani isipokuwa hilo.

Nanga alilivuta gazeti, akasoma kwa sauti ya kuita meli: "ASALI YA MEPO YAFUTA KUMBUKUMBU, WATAALAMU WAGUNDUA."

Sahani ikamponyoka Salwa.

"Rudia!"

"Asali ya mepo yafuta kumbukumbu."

"Mimi nimewamwagia watu asali kwenye pankeki tangu saa kumi na mbili! Nimeulisha sumu mtaa mzima?"

"Sasa naelewa," Nanga akasema, akiweka mkono kifuani. "Mwanangu wa Calgary hanipigii simu siku yangu ya kuzaliwa. Nilidhani ni roho mbaya. Kumbe pankeki!"

"Acheni mzaha!" sauti ya Gazeti ilikuwa imerudi, tena imerudi na ndugu zake. "Hii nchi ina jani la mti wa mepo kwenye bendera! Ukisema mepo inaharibu akili umesema nini juu yetu? Mjomba wangu kule New Brunswick amegema utomvu wa mepo na kuuchemsha uwe asali maisha yake yote, anakunywa ile asali kwa kikombe. Amekufa ana miaka tisini na sita, na siku ya kufa aliwataja mmoja mmoja watu wote waliowahi kumkosea. Kwa mwaka!"

"Kwa mwaka?"

"Kwa mwaka na mwezi! Padri alikaa mpaka akaomba kiti kingine."

"Huyo si mfano," Nanga akasema. "Kinyongo hakikai kichwani, kinakaa kwenye ini. Mepo haifiki kule."

"Nani kakwambia?"

"Mimi nina ini. Najua humo anakaa nani."

Salwa alikuwa ameshaanza kupita meza kwa meza akiokota chupa za asali, uso umemsawijika, kama mtu anayeokota ushahidi kabla polisi hawajafika. Alipofika kwao, akaikumbatia chupa yao na kumgeukia Verna.

"Bi Saa, dada yangu, niambie ukweli. Hawa si panya wako?"

Meza nzima ikageuka. Verna akakoroga kahawa yake, aliyokuwa ameshaikoroga mara tano.

"Walikuwa wangu," akasema.

"Haya, kimenuka," Nanga akanong'ona, kwa ule mnong'ono wake unaosikika ng'ambo ya barabara.

"Walikuwa wangu mpaka wiki tatu zilizopita. Sasa ni wa kamera."

"Tuambie basi inavyokuwa," Gazeti akamsogelea. "Taratibu. Siku zote ukieleza huyu Nanga anakudakia."

"Mimi?"

"Si unaona?"

Verna akavuta sahani ya donati ya Salwa, nyeupe, ya duara, akaiweka katikati ya meza. Alipenda kueleza kazi yake, na ilimuuma kwamba alipenda.

"Hili ndilo bwawa. Wataalamu wanaliita mzingile, ingawa halina kichochoro hata kimoja. Ni beseni kubwa kuliko meza hii. Unajaza maji ya uvuguvugu, unatia unga wa maziwa mpaka yawe meupe. Chini kidogo ya uso wa maji kuna kijukwaa, panya hakioni. Unamtumbukiza, anaogelea, anatafuta, siku ya kwanza anahangaika. Anakipata, anapanda, anapumzika. Kesho yake anakwenda moja kwa moja. Amekumbuka. Mimi nabonyeza saa, naandika sekunde."

"Na asali inaingilia wapi?"

"Panya kumi walikunywa maji matupu, panya kumi wakanywa maji yenye asali ya mepo. Wote nimewafundisha mimi. Halafu ndio ikaja programu."

Neno hilo alilitamka kama jina la mke wa pili.

"Kamera inakaa darini," akaendelea. "Inatazama chini. Panya ana kichwa cheusi, maji meupe, basi programu inafuata cheusi na kuchora mstari kila alikopita. Haichoki, haiendi chooni, haipigi chafya. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa."

"Na ni kweli?"

"Wiki ya majaribio, nikiwa bado ndani, ilifuata kinyesi."

Nanga akatua kikombe. "Ilifuata nini?"

"Panya akiogelea anajisaidia, Murdoch. Ndiyo maana mimi nina kile kiwavu cha samaki, nachota haraka. Siku hiyo nilichelewa. Panya keshapanda jukwaani, nimeshamfuta, nimemrudisha kizimbani, kamera bado iko na kile kinyesi kinavyoelea taratibu katikati ya bwawa. Dakika tatu! Ikachora mstari, ikapima mwendo, ikakipa alama za juu kabisa kwa utulivu."

"Kwa utulivu!" Nanga aligonga meza mpaka vijiko vikaruka. "Nimewahi kufanya kazi chini ya nahodha wa aina hiyo! Alielea tu, na kila mwaka anapandishwa cheo!"

Hata Salwa alicheka, akiwa bado amekumbatia chupa. Verna naye akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkatikia njiani akakumbuka ufunguo wa kesho.

"Lakini waliirekebisha," akasema. "Ijumaa ya wiki hiyo ya majaribio nikawapima panya wa maji, mimi na saa yangu, kamera nayo ikichora, safi kabisa. Jumamosi nikaambiwa nisije tena juu, niende chumba cha chini nikaoshe vizimba mpaka mkataba uishe. Jumatatu panya wa asali wakapimwa na kamera. Profesa anamtumbukiza panya, anatoka, anafunga mlango, anatazama kwenye kompyuta chumba cha pili."

"Na panya wa asali wakapotea."

"Wote kumi."

"Basi ni asali," Salwa akasema kwa huzuni.

"Hapana, subiri kwanza." Gazeti alikuwa amelipindua gazeti. "Kuna picha humu ndani. Duara mbili. Hii hapa kushoto imeandikwa panya wa maji, na hii ya kulia panya wa asali. Sasa hii ya kulia mbona ina doa jekundu pembeni?"

"Lete," Nanga akalivuta. "Hili ni yai limeungua upande mmoja."

"Rangi inaonyesha panya alipokaa sana," Gazeti akasema. "Si wameandika hapo chini? Panapokaa sana panakuwa pekundu."

Verna alivaa miwani. Picha zenyewe alikuwa hajaziona, kwa sababu anayeosha vizimba chumba cha chini haonyeshwi picha. Ile ya kushoto aliijua hata bila kusoma, mistari mizuri inayokwenda moja kwa moja kwenye jukwaa. Akahamia ya kulia. Kidole chake kilizunguka ukingo wa duara, kikafika kwenye lile doa jekundu, kikakaa hapo. Akaigeuza karatasi, akaigeuza tena.

"Sinki liko wapi hapa?" akauliza, akajijibu mwenyewe: "Mlango huku. Dirisha huku. Sinki ni hapa."

"Bi Saa, umekuwa mweupe kama sahani," Salwa akasema. "Nini?"

"Hapa ndipo ninaposimama mimi."

Gazeti akasogeza kiti.

"Unasimama vipi?" Gazeti akauliza pole pole.

"Nasimama tu! Miaka yote nasimama hapo, karibu na sinki, na koti hili, maana panya akitoka majini anajikung'uta na kukulowesha mpaka ndani. Sisogei. Usiposogea panya anakuzoea, anakufanya alama. Verna huyu hapa, basi jukwaa liko kule. Akishapanda jukwaa nahesabu kumi na tano, namtoa, namfunga taulo. Nina taulo langu la bluu. Jumatatu walitumbukizwa kwenye maji, wakatazama, hawakuniona. Wakaja kunitafuta. Wote kumi wamekuja hapa kwenye sinki, wakakaa."

Nanga akalitazama koti la njano, kisha lile doa jekundu.

"Kwa hiyo hawajasahau," Gazeti akasema.

"Wamesahau nini! Wamekumbuka kila kitu. Wamekumbuka mpaka taulo."

Machozi yakamtoka Verna, mbele ya watu, kwenye meza ya donati. Akayafuta kwa ukingo wa koti, akasema Salwa anakaanga vitunguu vikali, na Salwa, ambaye hakuwa anakaanga kitu, akamwomba radhi. Kilichomchoma Verna ni kwamba katika jengo zima lenye ghorofa nne, waliogundua kwamba hayupo walikuwa panya. Na kilichomfurahisha, kwa kweli kilimfurahisha kuliko alivyotaka kionekane, ni kwamba waligundua siku hiyohiyo.

"Mimi wakili nimekwishaelewa!" Gazeti alisimama, kidole juu. "Shahidi ajibu. Panya wa maji walipimwa na nani?"

"Na mimi."

"Wewe ukiwa chumbani?"

"Karibu na sinki."

"Panya wa asali?"

"Na kamera. Chumba kitupu."

"Basi mepo imesingiziwa! Mjomba, lala salama! Na huyu profesa kakimbilia kwa waandishi kabla hajafikiria! Mbona hukumwambia?"

"Nilimwambia, siku ileile ya Jumamosi. Nikasema, profesa, panya wamenizoea. Akacheka, vizuri tu, hana ubaya. Akasema, Verna, programu inaona kila kitu."

"Inaona kila kitu kilichomo," Nanga akasema. "Wewe ulikuwa umeshatolewa."

Kengele ya mlango ikalia. Aliyeingia alikuwa kijana mrefu wa miaka thelathini na kitu, miwani imejaa ukungu, nywele zimesimama, skafu ameivaa ndani nje. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaangaza meza zote.

"Ni yeye," Verna akasema chini chini. "Profesa Reeve."

"Kaa kimya," Nanga akamwambia. "Tafadhali. Sina starehe nyingine maishani mwangu."

Profesa aliwafikia, akasalimu, akaliona gazeti mezani, akafumba macho kama aliyeumwa jino.

"Mmesoma."

"Tumesoma," meza ikajibu.

"Wagema mepo wamenipigia simu tangu alfajiri. Mmoja ameniimbia wimbo wa taifa mpaka mwisho." Akavuta kiti bila kukaribishwa. "Verna, samahani sana kukufuata huku. Nina tatizo. Jumanne hii nilirudia kuwapima panya wa maji. Kwa kamera. Wamepotea nao."

"Maskini," Verna akasema, akinywa kahawa.

"Kwa hiyo si asali. Ni chumba. Nimezungumza na watu wa programu kwa simu saa nzima, wakasema panya hutumia vitu vya chumbani kujua njia, nirudishe chumba kama kilivyokuwa, kitu kwa kitu." Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nane. "Nimerudisha ndoo, namba moja. Namba mbili kiti, palepale, hata mguu wake mbovu nimeuelekeza ukutani. Namba tatu redio, kituo kilekile cha fidla za Cape Breton. Jana jioni nikajaribu tena. Wamepotea. Kuna kitu kimepungua, Verna, na siwezi kukumbuka ni nini!"

"Huwezi kukumbuka," Gazeti akasema.

"Hapana!"

"Na pankeki unakula?"

Nanga alikuwa ameshika meza kwa mikono yote miwili. Kahawa ilimtoka puani.

"Sikulaumu," Profesa akaendelea, amemwinamia Verna. "Mtu akihama anafunga virago vyake, ni kawaida. Lakini je, kuna kitu ulikichukua ulipoondoka?"

Verna aliweka kikombe chini. Alimtazama yule kijana, akaona hana hila yoyote usoni, akaona pia kwamba hajalala. Angeweza kumhurumia. Akaamua kumhurumia baadaye.

"Kipo," akasema. "Chukua kalamu."

Profesa akachukua kalamu kwa furaha ya mtu aliyetupiwa kamba baharini. Akaandika namba nne.

"Urefu wake futi tano na inchi mbili," Verna akaanza.

"Tano na mbili."

"Rangi ni njano, toka shingoni mpaka magotini. Juu kijivu."

"Njano, juu kijivu. Kilikuwa wapi?"

"Karibu na sinki."

"Karibu na sinki! Hapo ndipo wanapokwenda! Kina muda gani pale?"

"Miaka ishirini na minne."

"Ajabu sana. Uzito?"

"Hilo, profesa, muungwana haulizi."

Kalamu ilisimama. Profesa akasoma alichoandika. Akainua macho, akaliona koti la njano, akayashusha kwenye karatasi, akayapandisha kwenye nywele za kijivu. Masikio yake yakaanza kuwa mekundu kama lile doa gazetini.

"Ah," akasema.

"Umeona?" Nanga akamuuliza. "Hata bila kamera!"

"Verna, mimi..." Kisha, kwa sababu alikuwa msomi na msomi hutafuta njia fupi hata akiwa anazama, akasema, "Unadhani tunaweza kuazima koti? Tukalitundika kwenye kiango?"

Meza ya wastaafu ililipuka. Gazeti alisema miaka thelathini na mitatu ya kutafunwa na mbwa wa watu hajasikia kitu kama hicho. Salwa alisema yeye atamtundika Profesa mwenyewe. Verna alifunga kifungo cha juu cha koti, kisha cha pili, mpaka cha chini kabisa.

"Koti halitoki bila mwenyewe," akasema. "Na taulo la bluu linakuja na sisi."

"Lakini mkataba wako unaisha kesho. Na wewe kazi yako ilikuwa kupima muda, na muda sasa tunapima kwa... Nitaandika nini? Hakuna kazi ya kusimama tu."

"Kijana," Nanga akasema, "mimi niliifanya hiyo kazi bandarini miaka ishirini na saba, tena kwa sare."

Profesa akaitazama karatasi yake muda mrefu. Halafu akafuta yale maelezo yote ya namba nne, akaandika upya, akamsogezea Verna. Nanga, asiyeweza kuona karatasi ikampita, akainyakua na kuisoma kwa sauti ya kuita meli.

"Vifaa vya lazima vya chumba cha bwawa. Moja, ndoo. Mbili, kiti. Tatu, redio. Nne, Verna, karibu na sinki. Ni marufuku kuondoa au kusogeza kifaa chochote bila idhini ya maandishi." Akashusha karatasi. "Bi Saa, wamekuweka na ndoo!"

"Ndoo ina miaka kumi na tisa pale," Verna akasema. "Hujasikia imepewa barua ya kuagwa."

Akaomba kalamu. Akajikata namba nne, akajiandika namba moja, juu ya ndoo, akamrudishia Profesa karatasi yake.

"Sasa twende," akasema. "Tena ukawanunulie waandishi kahawa, uwaambie umekosea. Utaanza na mjomba wa huyu."

"Ameshakufa," Gazeti akasema.

"Basi atamwomba radhi kaburini, kwa mwaka na mwezi."

Nanga akainuka. Wateja wa meza nyingine waligeuka, maana kuna waliodhani hana miguu. Akamfungulia Verna mlango, akabaki ameushikilia mpaka koti la njano lilipopotea kwenye ukungu na yule mrefu akilifuata nyuma. Kisha akarudi kwenye kona yake, akatua, akamnyooshea Salwa mkono. Salwa akairudisha chupa ya asali mezani. Nanga akamimina mpaka pankeki ikaanza kuogelea.

"We, punguza," Gazeti akamwonya. "Usije ukapotea njia ya nyumbani."

"Nikipotea nitakaa karibu na sinki," Nanga akasema, akikata kipande, "mpaka mtu aje na taulo."